Kiberiti Kilicholiwa Kona

Mimi si mtu wa kusifu watu ovyo. Mama yangu kule Kilwa Kivinje alinilea hivyo: ukimsifu mtu usoni, kesho anakuja kukuomba sukari. Lakini kuna mmoja nitamsifu hapa mpaka mchoke, na huyo ni Dorothy, mke wa Aidan, Mmalawi aliyekuja Ruanda, kijiji chetu cha milimani Mbinga, na begi moja na Kiswahili cha kuokoteza.

Kwanza mnijue mimi. Mume wangu Hamidu na mimi tuna duka hapa Ruanda, mwaka wa kumi na moja sasa. Watu wananiita Mama Duka, wengine Mama Kombo kwa jina la mwanangu anayesoma Songea. Najua nani anakunywa chai ya rangi na nani anaweka maziwa. Najua nani kanuniana na mkewe akaja kununua mkate ale peke yake njiani. Nilikuwa nadhani huko ndiko kuwajua watu.

Dorothy aliletwa mwezi wa kumi na moja. Aidan alimwoa huko Mzuzu alikokuwa fundi wa magari, akamleta kwenye nyumba ya marehemu wazazi wake, kilimani juu ya duka langu. Walikaa pamoja mpaka Krismasi, kisha Aidan akapata kazi ya kuendesha lori. Tangu hapo anarudi mara moja kwa mwezi, analala siku mbili, anaondoka. Dorothy angeolewa kule ziwani, Lipingo au Kihagara, angepata nafuu, maana Kinyasa cha kule na Kinyanja chake vinasikilizana. Huku juu ni Kimatengo. Wanawake bombani walianza na Kiswahili kwa heshima yake, dakika mbili tatu, halafu wakateleza kwenye lugha yao, naye akabaki ameshika ndoo anatabasamu.

Akaanza kuja dukani kila siku kununua kiberiti. Leo kiberiti, kesho kiberiti. Nikajisemea, huyu ama ana mpango wa kuichoma wilaya nzima au ana lake jambo. Siku moja nikafungua gunia la usipa, wale dagaa wadogo wa ziwani, harufu ikampata, akaanza kulia palepale mbele ya wateja. "Nyumbani," alisema, hilo tu. Nikamsogezea kigoda akae. Kesho yake alipokuja hakununua kiberiti, alikwenda moja kwa moja kwenye kigoda.

Sasa sikilizeni alivyojituma yule binti. Aliingia kwaya ya kanisa, akaimba maneno asiyoyajua kwa sauti iliyowashinda wanaoyajua. Kukiwa na msiba, wa kwanza kuteka maji ni yeye. Akimwona mtu mzima anakuja, anashusha mzigo, anapiga goti barabarani kama wanavyofanya kwao, ndipo anasema shikamoo, na matope ya masika yasimbabaishe. Wakamwitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha wakapita. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Kila mtu alikuwa tayari ana watu wake, basi.

Siku chache baada ya Idi aliniambia, ametulia kabisa, "Mama Kombo, nimekaa miezi mitano. Hakuna mtu aliyewahi kuingia jikoni kwangu akakaa. Pasaka ikifika bila mtu, nitashuka Mbamba Bay, nitafute boti, nirudi kwetu. Aidan nimemwambia. Amesema ananielewa."

"Pasaka hii hii?"

"Hii hii."

Zilikuwa zimebaki wiki mbili. Kisha akaniuliza swali ambalo mpaka leo nikilikumbuka masikio yananiwaka moto. "Wewe ulikuja mgeni kama mimi. Ulifanyaje kupata marafiki?"

Jibu la kweli lilikuwa kwamba sikuwa nao. Miaka kumi na moja, na mtu pekee aliyewahi kuketi ndani ya kaunta yangu ni yeye. Lakini mtu wa pwani kukiri hajui jambo ni kazi kubwa, kwa hiyo nikakohoa nikajifanya mwenyeji. Nikamwambia huku watu hawana maneno mengi, wanapenda kazi. Mfanyie mtu kazi kabla hajakuomba. Nikamwonyesha ng'ambo ya barabara, shamba la Bibi Flavia, mjane anayekaa karibu naye, ambaye alikuwa Mbinga kwa binti yake akitibiwa mguu. "Ona nyasi zilivyojaa pale. Kamsafishie. Kusanya, choma, arudi akute peupe."

Alikwenda kutazama, akarudi. "Mama Kombo, nyasi zimepangwa. Ziko kwenye mistari."

"Wamezipanga zikauke," nilisema, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa na jembe mkononi. "Wewe choma."

Nikampa na kiberiti, bure. Msinisifu, kiberiti chenyewe kilikuwa kimeliwa kona na panya, na Bibi Flavia huyohuyo alikuwa amekikataa wiki ile kabla ya safari yake, akaniambia niwauzie panya wenyewe.

Mtu yeyote wa hapa, hata mtoto wa chekechea, anajua nisichokijua mimi. Wamatengo wanalima ngolo. Wanaume wanafyeka nyasi, wanazilaza kwenye mteremko kwa mistari inayokatana, mpaka kilima kinakuwa miraba mitupu. Wanawake wanamwaga maharage juu ya mistari, kisha wanachimba udongo katikati ya kila mraba na kufukia. Zile nyasi ndizo mbolea, ndizo zinazoshika udongo usiporomoke, na lile shimo linatunza maji ya mvua. Kilima kikimalizika unaona kama sega la nyuki. Miaka yote hiyo niliyaona mashimo hayo kila nikitoka mlangoni, na sikuwahi kumuuliza mtu.

Dorothy alifanya kazi kutwa. Jioni moshi ulipanda, nami nikaufurahia.

Kesho yake Bibi Flavia akarudi kwa bodaboda. Hakupiga kelele. Alisimama kwenye majivu ameegemea fimbo, akatazama juu, akatazama chini. Aliyepiga kelele ni shemeji yake, mzee Bartholomayo, aliyefyeka na kulaza zile nyasi kwa siku nne na mgongo wake mbovu. "Nani? Nani amefanya hivi? Maharage tutapanda kwenye nini, na mvua zinaelekea kuisha?" Watu wakajaa mbele ya duka langu. Dorothy akateremka mbio kutoka kwake, uso umejaa furaha, akijua anakwenda kushukuriwa. Furaha ile nilivyoiona ikizimika sitaisahau.

"Ni mimi," alisema, akapiga goti. "Nilitaka kusaidia. Sikujua."

"Nani alikutuma?" akauliza Bartholomayo.

Dorothy aliinua macho, akanitazama mimi. Mara moja tu. "Hakuna," alisema. "Ni mimi mwenyewe."

Na mimi, Hafidha binti wa watu, nikageuka nikaanza kupanga sabuni.

Kesho yake alfajiri nilimwona anapita na mundu. Kwa Aidan kuna kipande kilicholala miaka miwili, nyasi zimefika kifuani. Akaanza kufyeka. Hiyo ni kazi ya wanaume, nao waliopita barabarani walisimama wakamcheka, si kwa ubaya, kama mnavyomcheka mtu anayeendesha baiskeli kwa mara ya kwanza. Akafyeka, akafunga mizigo, akabeba kichwani kuvuka barabara, akamwaga kwenye majivu ya Bibi Flavia, akarudi. Nilihesabu safari mpaka nikaacha, nikaona haya kuhesabu nikiwa nimekaa.

Siku ya pili akaanza kulaza mistari. Mistari ilikwenda upogo. Bartholomayo akaja, akasimama na mikono nyuma, akasema, "Hapo maji yatapita kama mtoni." Dorothy akatoa zote, akamuuliza alaze vipi. Mzee akamwonyesha kwa fimbo. Akakosea tena, akatoa tena. Mara ya tatu mzee akatupa fimbo, akainama mwenyewe na mgongo wake huo, akaanza kulaza naye. Bibi Flavia alikuwa amekaa kizingitini pake, mguu umefungwa bandeji, anatazama.

Siku ya tatu adhuhuri Dorothy aliingia dukani kutaka mafuta ya mgando. Viganja vyake vilikuwa vimechanika kama karatasi. Hakukaa kwenye kigoda. Nilimpaka mimi mwenyewe, kidole kwa kidole, na nilipomaliza nikashindwa kuzuia.

"Dorothy, kwa nini hukunitaja siku ile?"

Alinitazama kama niliyeuliza jambo la kitoto.

"Ningekutaja, ningebaki na nani?"

Akachukua mundu wake akatoka.

Nilibaki nimeshika kopo la mafuta. Miezi mitano mimi namweka kwenye hesabu ya wateja, kumbe mwenzangu alishaniweka kwenye hesabu ya watu wake, tena peke yangu. Nilimlilia Mungu pale, na nilijililia mwenyewe pia, niseme kweli. Kisha nikafunga duka. Duka langu halifungwi ila Idi na msiba, na Hamidu alikuwa Mbinga kufuata mzigo. Mteja aliyekuwa anakuja na chupa ya mafuta ya taa alinitazama kama nimepandwa na wazimu.

Nilipanda mpaka kizingitini kwa Bibi Flavia, na kandambili zangu za dukani. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mama Duka. Umepotea njia?"

"Bibi, yule binti hana kosa. Mimi ndiye niliyemwambia achome. Aliniuliza kuhusu mistari, nikamdanganya, maana sikujua na sikutaka aone sijui. Halafu nikanyamaza."

Alitafuna midomo kidogo. "Najua," alisema.

"Unajua?"

"Nasema najua. Nilikuwa natazama utakaa ndani ya duka mpaka lini." Akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akatoa jembe. "Waswahili mnasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe umecheleweshwa miaka kumi na moja. Shika."

Nikashika. Kulima sikujua, na sikujua hata pa kukanyaga. Dorothy alikuwa amejifunza asubuhi ile ile kwa kuwatazama majirani, akanionyesha: udongo wa katikati, uvute, ufukie nyasi, usiache jani linaonekana. Wawili wageni, mmoja anamfundisha mwenzake jambo alilolijua tangu kifungua kinywa. Wanawake waliokuwa wanatoka mashambani mwao walituona wakasimama. Nadhani ni mimi niliyewavunja mbavu zaidi. Mmoja akasema kwa Kimatengo neno lililowachekesha wote, nikamwambia, "Litafsiri basi, nami nicheke." Akanitafsiria. Alikuwa amesema nachimba kama kuku anayetafuta yai lake. Nikacheka mpaka nikakaa kwenye shimo. Wakateremka na majembe yao, saba au nane, na Bibi Flavia akaja na fimbo yake na ungo wa maharage akawa anamwaga mbegu mbele yetu.

Tulikuwa tumebakiza safu mbili mvua ilipotukuta. Mvua ya kule haibishi hodi. Jiko la Bibi Flavia ni la nyasi na linavuja; la karibu lenye paa la bati ni moja, la Aidan. Tukakimbia wote. Bartholomayo alimshika shemeji yake mkono, mimi nikabeba ungo kichwani.

Jiko lilijaa. Viti vilikuwa viwili, tukapindua ndoo, tukapindua kinu, wengine wakakaa kwenye kuni. Wanawake wakaanza kukamua vitenge vyao na kusemezana, Kimatengo na Kiswahili vikichanganyika. Nilipotazama nikaona mwenye nyumba bado yuko mlangoni, nusu yake inalowa. Hakuwa na pa kukaa. Alikuwa anatuhesabu kwa midomo, mmoja mmoja, na alipomaliza akaanza upya. Sikumuuliza kuhusu Mbamba Bay. Wiki moja ilikuwa bado imebaki kufika Pasaka, na mimi macho yangu yalikuwa hayaoni vizuri.

"Mwali," Bibi Flavia alimwita, "tutakaa na baridi mpaka lini? Washa moto, tule."

Dorothy akashtuka, akapekua rafu, akapekua kopo, akageuka kunitazama mimi, uso umemwiva. Mtu aliyekuwa akinunua kiberiti kwangu kila siku alikuwa hana hata kimoja.

Bibi Flavia akafungua pindo la kanga yake taratibu, bila kutazama mtu. Akatoa kiberiti, bado kikavu, akakinyoosha juu wote tukione. Kona yake ilikuwa imeliwa na panya.

"Hiki nilikiokota kando ya majivu yangu," alisema. "Washa. Lakini humu ndani tu."