Dawa ya Watu Wanne

Mtaa mzima ulimwita Mama Sabuni, na yule bibi alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake. Alifua mashuka ya hospitali mpaka akastaafu, na hata baada ya hapo aliweza kuingia nyumba ya mtu, akavuta pumzi mara moja, akakunja uso, na mwenye nyumba akakosa raha wiki nzima. Kwa hilo alikuwa hajambo.

Basi si upele ukaingia nyumbani kwake! Ulianzia kwa mjukuu, mtoto wa miaka mitatu, ukamjaa tumboni na katikati ya vidole. Tabibu akawaeleza bila kuzunguka: wote wanaoishi pamoja wapake dawa siku moja, shingoni mpaka nyayoni, anayewashwa na asiyewashwa. Mmoja akiachwa, wadudu watarudi kwa wenzake. Nyumba ilikuwa na watu wanne. Mke wa mwanawe akagawa dawa kwenye vikombe, akampelekea mama mkwe chake kwa adabu zote.

Bibi akaenda nacho bafuni, akakimwaga. Yeye apake dawa ya upele? Yeye, Mama Sabuni? Na ubaya wenyewe, alikuwa anawashwa. Kiunoni, makwapani, chini ya matiti, alijikuna mpaka akachubuka. Alijiambia ni joto, kisha ni uzee, kisha ni sabuni mpya. Moyoni alijua. Mtu aliyefua mashuka ya wagonjwa maisha yake yote haambiwi upele ni kitu gani.

Mtoto akapona, ngozi ikawa laini, nyumba ikashusha pumzi. Lakini mtoto huyo alikuwa hapati usingizi ila kifuani mwa bibi yake. Haukupita muda, vipele vikarudi. Wakabadilisha dawa, na kila mara kikombe cha bibi kikaishia bafuni; wakabadilisha zahanati, mkwe akafua mashuka na kuyaanika juani mpaka mikono ikaota sugu. Vipele vikanyauka, vikachipuka tena. Safari hii vikatunga usaha, na asubuhi mtoto akaamka uso umemvimba.

Wakamrudisha kwa tabibu wa kwanza, naye alipompima hakuwa na utani hata kidogo. Vidonda vimeanza kugusa figo, alisema. Atamtibu, lakini upele ukirudi tena asiulizwe yeye. Akataka kujua kama kuna mtu nyumbani hakupaka dawa. Mkwe akaapa kwamba wote walipaka, kila mara.

Bibi alikuwa amekaa pale pale. Msidhani hakumpenda yule mtoto. Alimpenda mpaka roho ikamuuma. Akafungua mdomo aseme, na kilichotoka ni yale yale aliyozoea kusema, kwamba dawa gani itafanya kazi kwenye nyumba isiyojua usafi.

Mwanawe, aliyekuwa nao pale, akalibeba neno lile mpaka nyumbani. Alikuwa fundi magari, mtu mpole, lakini hofu ya mtoto ilikuwa imemtoa akilini. Akanusa godoro, akafunua ndoo, akamfokea mkewe kama hakuwahi kumjua. Kulipokucha alikuwa ameshakata shauri: mke aende kwao kwanza, mtoto abaki na bibi mpaka apone sawasawa.

Bibi akamwambia polepole, mwanangu, tusifike huko.

"Mama, si wewe mwenyewe uliyesema?" fundi akamuuliza.

Kusema wasifike huko kulikuwa rahisi. Kusema kwa nini kulimshinda bibi. Aliona aibu, na aibu ile ilikuwa kubwa kuliko chumba, kubwa kuliko yeye.

Mkwe hakubisha. Alikuwa amelaumiwa mpaka akaamini. Wakati wa kufungasha alionekana akinusa nguo zake mwenyewe moja moja, anazikunja, anazikunjua, ananusa tena. Alipomaliza alimchukua mtoto, akambusu, akampakatisha bibi.

"Nisamehe uchafu wangu, mama," akasema. "Nakuachia mwanangu. Kwako atapona."

Mama Sabuni akamtazama usoni. Mlango ulikuwa wazi na hakuna aliyekuwa na haraka.

"Nenda salama, mwanangu," akamjibu.

Mkwe akatoka na begi lake. Mtoto akalia kidogo, akachoka, akajipenyeza kifuani mwa bibi yake, naye akamkumbatia.