Ngozi ya Karatasi

...na hapa chini ya bega sponji inakwama tena, inakwama kwa sababu ngozi imekauka kama ukuta uliopigwa chokaa mwaka juzi, rangi hainyooki, inaacha michirizi, itabidi arudie, juu kwenda chini, juu kwenda chini, usiende pembeni Mama, alisema Kocha, ukienda pembeni taa za jukwaani zitamwonyesha kama pundamilia, majaji wa kutunisha misuli wataona michirizi tu, na yeye amepaka mikate siagi, amepaka watoto mafuta, hata dirisha la jikoni alilipaka mwenyewe baba yao alipokuwa akiahidi kila Jumamosi, lakini mtu mzima hajawahi kumpaka rangi ya kabati, mtu wa miaka ishirini na sita, mwanawe huyu, amesimama juu ya nailoni na kichupi ambacho angekianika uani angekificha nyuma ya shuka, mikono kaiinua kama anayepekuliwa na askari, macho ukutani... Mama, baridi, anasema, na yeye anajibu, baridi ulijiletea mwenyewe, simama, na chumba kizima kinanuka mafuta ya kuchulia mgongo na jasho lililokataa kutoka, chumba cha kuhifadhia viti nyuma ya jukwaa, viti vimepangwa mpaka dari, na kioo ni kimoja, wanaume kumi na tisa kioo kimoja, wanasukumana kwa mabega kama wasichana wa bweni, huyu anatunisha kifua, yule anageuka aone mgongo wake, mwingine kalala chali na miguu juu ya kiti anavuta mpira wa mazoezi, ff, ff, ff, na Dereva, ambaye kweli ni dereva wa lori na anafanya mazoezi chumba kimoja cha vyuma na mwanawe, anapita na kusema, Sindano, hivyo vigimbi umeviacha nyumbani vinalinda mlango? na mwanawe hacheki, zamani angecheka, wiki hizi kumi na sita za maandalizi hajacheka, kucheka nako kunatumia nguvu labda, na Kocha anasema, muache, wewe jiangalie tumbo lako, na sponji inashuka, mgongoni, kiunoni, juu kwenda chini...

Na ndipo yule mwenye orodha ya washindani anaingia, yule wa fulana nyeupe na kalamu sikioni, anauliza, namba kumi na saba ni wa nani? wa kwangu, anasema Kocha, basi kumi na saba kaanguka chooni, tumemkuta chini, kakakamaa miguu yote miwili, macho yamegeuka, wamempeleka chumba cha huduma ya kwanza, kundi lenu linapanda baada ya dakika kumi na tano, utakuwa na watatu au wawili? anauliza hivyo, watatu au wawili, kama anauliza sukari ngapi, na kumi na saba ni Fundi, Fundi wa kuchomelea, aliyemtengenezea geti Mama huyu akakataa hata chai, akasema Mama, mimi na Sindano ni tumbo moja, Fundi anayecheka mpaka majirani wanafungua madirisha, na vyuma vinawekwa chini, halafu vinaanza tena, klink, klink, na Kocha anasema, misuli tu imemkaza, watampa chumvi chini ya ulimi, endeleeni, joto lisiwatoke, na mwanawe hajageuza hata shingo, Umesikia? anamwambia, nimesikia Mama, paka ubavuni... na anapaka ubavuni, atafanya nini, sponji mkononi, ubavuni halafu tumbo, pembeni mwa kitovu, na vidole vyake viwili vinafanya kitu ambacho hakuvituma, vinabana ngozi, vinavuta, vinaachia.

Imebaki imesimama. Moja. Mbili. Tatu... kama kunjo la shuka, kama upindo aliousahau kuupiga pasi, inashuka polepole, haina haraka, nne, na chumba chote kinaenda mbali, vyuma vinaenda mbali, kwa sababu kunjo hilo analijua, alishaliona mara moja, kwenye tumbo dogo la binti yake, yule wa kwanza, wa miezi tisa, siku ya pili ya kuhara, kitandani, saa tano asubuhi jua limejaa chumba kizima, na alibana hivihivi kwa sababu kliniki walikuwa wamewafundisha, nesi alishika mtoto wa mtu na kuonyesha, akina mama mnaona, inarudi paf, huyu mzima, sasa ukihesabu mpaka mbili bado imesimama usisubiri, usisubiri gari, usisubiri mtu, funga mtoto uondoke, na yeye alihesabu mpaka tatu, kisha akasubiri, baba yao alikuwa zamu ya mchana, alisema nisubiri, nikirudi tutaenda wote, mke mpya, msichana wa miaka ishirini, anajua nini kumzidi mumewe, akasubiri, akakoroga maji ya chumvi na sukari, akamwekea mdomoni kwa kijiko, yakatoka pembeni, akakunja nguo, alikunja nguo yeye! alikunja kikapu kizima, na walipofika nesi hakumgombeza, alibana mara moja tu, akauliza, Mama, ulisubiri nini? aliuliza taratibu kabisa, kama mtu anayetaka kujua kweli, na mpaka leo akiosha vyombo, akipanda ngazi, ulisubiri nini...

Ahaa! Kocha amemwona, anapiga makofi, jamani Mama naye kawa jaji! mmeona? bana tena Mama, bana waone, karatasi hiyo! hakuna maji hata tone, ngozi imelala juu ya nyama kama karatasi, wiki kumi na sita za akili hizo, si mnasema Kocha mkali, na wanakuja, wanaume wazima rangi ya kabati wanainama kuangalia tumbo la mwanawe, mmoja anapiga mluzi, mwingine anasema, wewe umeua, leo hakuna wa kumshinda huyu, na Dereva anajibana lake, anaachia, lake linarudi paf, anasonya, la kwangu bado linarudi, mkosi gani huu, na jana nilikunywa nini, kikombe kimoja tu cha chai, kimoja! na mwanawe anatabasamu. Sasa ndiyo anatabasamu. Midomo imepasuka mahali pawili na meno yanaonekana makubwa, mashavu hayapo, hivi ndivyo atakavyokuwa mzee, anawaza, kama atakuwa, na Kocha anasema, lakini Mama umeacha alama za vidole, rudishia hapo, na yeye anachovya sponji na kurudishia. Anafuta. Palepale ngozi iliposimama anapaka mpaka pawe sawasawa na kwingine, hakuna atakayejua, mkono wake mwenyewe, na mkono haukosei, hilo ndilo linalomshangaza, mkono umezoea kazi, kazi yoyote.

Piga kelele, anajiambia, piga kelele sasa hivi, mwite yule wa orodha, mwite daktari, lakini daktari wa hapa ni kijana mwenye kisanduku cha plasta na dawa ya kupuliza, na alishapiga kelele mwaka jana, si alipiga, mlangoni mwa chumba cha vyuma, akamwagia maji mwanawe usoni mbele ya wenziwe, akasema kunywa, utakunywa leo! na alipata nini, miezi minane hakumwona, miezi minane alikuwa akimuulizia kwa Fundi kama mtu anayeulizia mpangaji aliyehama, yupo Mama, anakula Mama, usijali, na aliporudi alirudi na sharti, Mama ukitaka kuja njoo, lakini usiseme, akakubali, kaona afadhali ashike sponji kuliko aletewe habari na watu, ndivyo alivyojipigia hesabu, nikiwa karibu nitaona, na ameona. Sasa? Wahenga walisema sikio halipiti kichwa, hawakumwona huyu, yeye akiinua kichwa anaishia kwenye kifua cha mwanawe, wa miezi tisa alimbeba mgongoni, huyu atambeba na nini, kilo tisini na moja, anachukua chupa ya maji kutoka kwenye mkoba, anafungua kizibo, hasemi neno, si alikatazwa kusema, anamnyooshea tu... na mwanawe anaitazama chupa, anaitazama kwa muda mrefu jinsi mtu anavyomtazama mchumba wa zamani, anaipokea, Mungu wangu kaipokea, anaweka mdomoni, maji yanaingia, na yeye anaangalia koo, anaangalia kile kifundo cha koo, panda, shuka, mara moja tu mwanangu, meza... na anasukutua. Kulia, kushoto, anainama, anatema kwenye kikombe cha plastiki, taratibu asimwage rangi, anamrudishia chupa, asante Mama. Meza, anasema, sharti au si sharti, meza baba, tafadhali, na yeye anajibu kwa sauti ileile ya kitoto ya kubembeleza, Mama, dakika kumi na tano tu, si unisubiri.

Si unisubiri... na hapo anakaa kwenye kiti kimoja cha ukutani, na kitu kinamjia ambacho hakukiita, uzi, ule uzi mwekundu uliofungwa kwenye mguu wa kitanda, kila Jumamosi baada ya kuoga, njoo nikupime, na mtoto ananyoosha mkono mwembamba kama sindano, ndiyo maana ya jina, watoto wa shule walimpa lakini nani aliyeanza kumwonyesha kwamba ni mwembamba, nani aliyekuwa akimbana mkono juu ya kiwiko kwa dole gumba na kidole cha shahada, umepungua, hujala, ongeza yai, kula, kula tena, nani aliyekuwa akimvua shati mbele ya wageni aseme huyu tumbo lake halishiki, na uzi ukizidi kidogo anampa sifa na ukipungua ananyamaza siku nzima, alikuwa anamwogopea, basi, alikuwa anaogopa kunjo, lakini mtoto hajui kunjo, mtoto alijua tu kwamba Mama anafurahi uzi ukizidi, na Kocha alipokuja na tepu yake ya fundi nguo hakumfundisha kitu, alimkuta keshajua kunyoosha mkono na kusubiri aambiwe kama ametosha, alimkuta tayari, yeye Mama ndiye aliyemwandaa, kwa yai, kwa uzi, kwa hofu ya mtoto mwingine ambaye huyu hakuwahi hata kumwona... na anasikia mwanawe akiuliza, Kocha, mgongo umefunguka, umetanuka? na Kocha, tuone, umefunguka sana, na sauti hiyo ya mwanawe anaijua, ni ya Jumamosi baada ya kuoga.

Anainuka. Anafungua hotpoti mbili alizobeba toka nyumbani, wali na kuku, chakula chao cha jioni baada ya jukwaa, ndivyo ilivyopangwa, baada, na yeye anapakua sasa, juu ya kiti, sahani moja, mbili, tatu, nne, kwa sababu kuna jambo moja tu nyumbani kwake ambalo halijawahi kushindwa, Mama akisema chakula tayari mtu anaacha alichoshika, hata baba yao, anayekula cha kwake sasa hivi nyumbani na binti yao mdogo, aliyesema haendi kutazama mwanawe akivua nguo kwa watu, hata yeye huacha redio, na anasema kwa sauti yake ya jikoni, chakula tayari, haya, kaeni mle, na mvuke unapanda na chumba kizima kinageuza uso, kweli kinageuza, kama mtu aliyefunguliwa mlango akiwa uchi, mmoja anatoka nje, na Dereva anashika pua, anasema, Mama jamani, Mama unataka kutuua, wanacheka, wote wanacheka kule kucheka kusikotoka tumboni, na Kocha anasema, funika Mama, harufu itawavurugia akili, baada ya jukwaa, baada, na mlango unafunguka na ni Fundi. Anatembea mwenyewe. Kaegemea ukuta, pamba imebandikwa mkononi, anasema, gari la wagonjwa lilikuja, wakanitundikia dripu, nimeichomoa, maji yale yangeniharibia kila kitu, na hacheki kile kicheko chake, anapumua tu, midomo rangi ya majivu chini ya rangi, na anajisukuma mpaka kwenye kioo, anainua mikono, anabana tumbo, na nyama inajitokeza kama imechorwa, na wanaume wanasema ohoo, na Kocha anapaza sauti, haya, mwenye orodha! tumetimia!

Na yeye anahesabu, ndiyo tabia yake tangu siku ile, hawezi kulala bila kuhesabu, hawezi kukaa mezani, nyumbani wawili, hapa Kocha, Dereva, Fundi, mwanawe, wote wapo, sahani nne na watu wanne, hakuna aliyepungua, leo hesabu imekubali na hajawahi kuwa na imani ndogo hivi na hesabu, anawatazama wamejipanga mbele ya kioo wakibana matumbo, anawahesabu tena, wanne, anachukua sahani nyingine na kufunika kuku, nzi wasiingie, moja baada ya moja, na mwanawe anamwita bila kugeuka, Mama, hapa nyuma, umeacha mstari, na anaokota sponji, anachovya, anaanzia juu.