Bi Usingizi Mbele ya Kamera

Mpiga picha alishawapiga picha maharusi wa kila aina: wenye hasira, wenye mafua, hata mmoja aliyepiga miayo wakati wa kuvishwa pete. Lakini mama yake mzazi alimshinda. Flashi ikiwaka tu, mama kafumba macho. Albamu nzima ya familia mama kalala: kalala kwenye mahafali, kalala amembeba mjukuu. Nyumbani walimwita Bi Usingizi, na mwenyewe alicheka kuliko wote.

Sasa hapakuwa na cha kucheka. Kesho asubuhi daktari angemtoa jicho la kushoto. Uvimbe ulikuwa ndani, kwa nyuma, wala kwa nje hauonekani, na ukiachwa ungesambaa mwilini. Mpiga picha alitaka picha moja tu ya mama mwenye macho mawili, yote wazi. Ikipita leo, basi tena.

Mapazia yalikuwa yamefungwa kwa sababu jua lilimuumiza. Akamkalisha sebuleni, kwenye kiti chake. Dada mtu akasimama pembeni, mikono kiunoni.

"Na hiyo taa yako usinimulike usoni kama polisi," mama alisema.

"Leo naigeuza, mama. Inapiga juu, halafu inakushukia taratibu."

Akaielekeza flashi darini, akabonyeza. Mama hakufumba! Moyo ulimruka kwa furaha. Akatazama kioo cha kamera. Mama alikuwa wa buluu, buluu mpaka meno.

Dada akachungulia. "Yaani fundi mzima! Hilo dari si ulilipaka mwenyewe, rangi tuliyokukataza?"

Aibu ilimpata, haki ya Mungu. Mwanga ukigonga rangi unarudi nayo. Hilo alilijua kabla hajaota ndevu. Lakini siku hiyo alikuwa na hofu, na hofu ilimvuruga akili.

"Lete shuka jeupe."

Dada akalileta, akapanda kwenye stuli, akalitandaza juu huku akinung'unika kwamba mikono inakufa ganzi. Mpiga picha akageuza flashi ilitazame shuka, akasogeza kiti kidogo ili mwanga umfikie mama ubavuni.

"Moja, mbili..."

"Usinihesabie," mama alisema, tayari kafumba. "Ukihesabu najiandaa kuumia."

Lo! Miaka yote hiyo, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Akaacha kuhesabu. Kisha akamuuliza kama mlango wa nyuma umefungwa. Mama akamtazama ili amjibu, naye akabonyeza.

Safari hii ilitoka. Ngozi laini, kivuli chepesi chini ya kidevu, na macho mawili yakimtazama mtu yanayemjua. Dada akashuka, akapenga kamasi kwenye pindo la shuka, akasingizia vumbi.

"Hebu nione," mama alisema.

Akaishika kamera, akaziba jicho la kushoto kwa kiganja ili aone vizuri. Akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Wanalitoa lipi?" aliuliza, ingawa alijua.

"Hili, mama," mpiga picha alisema, akimwonyesha kwenye picha.

Mama akaligusa pale kwenye kioo kwa ncha ya kidole.

"Mbona zima," alisema.

Mpiga picha akakaa sakafuni miguuni pa mama, akalia, na mama akaendelea kuliangalia jicho lake.