Refa wa Sekunde Kumi na Tisa

Jumatatu saa tatu na robo asubuhi, kinyozi alikuwa amemaliza upande wa kushoto wa kichwa cha tarishi na anahamia upande wa kulia, ndipo mkono wake ukanyanyuka wenyewe. Ulinyooka kuelekea dirishani, mashine ya kunyolea ikiendelea kunguruma humo mkononi. Midomo yake ikatoa mlio wa filimbi, na filimbi haikuwapo. Mguu wa kushoto ukateleza kwenye sakafu kavu, akakaa chini kwa matako, mkono bado umenyooka. Kisha akainuka, akajipangusa suruali, akaomba radhi, akarudi kichwani pa mteja.

"Umeteleza, fundi?" tarishi akauliza.

"Nimeteleza."

Kabla hajafika nyuma ya sikio alikuwa ameteleza mara nne nyingine, na mashine ilikuwa imechora njia nyeupe kutoka kwenye paji la uso wa tarishi hadi utosini. Tarishi alikuwa mtu mpole. Alijitazama kwenye kioo, akamtazama kinyozi, akatoa simu mfukoni.

"Hebu ngoja. Si ndiyo wewe huyu? Shemeji yangu kanitumia asubuhi."

Alibonyeza. Kinyozi akapiga mluzi, akanyoosha mkono, akakaa chini. Tarishi akabonyeza tena ili kuhakikisha, na kinyozi akakaa tena. Mara ya tatu alibonyeza kwa sababu kidole kilikuwa pale pale.

"Basi ni hii," tarishi akasema.

"Ni hiyo," kinyozi akasema akiwa chini.

Ilikuwa video ya sekunde kumi na tisa. Jumamosi iliyopita, katika fainali ya kombe la mitaa, kinyozi ndiye aliyekuwa refa, kama alivyokuwa Jumamosi nyingi kwa miaka kumi na minne. Kipindi cha pili, mvua ikiwa imenyesha, beki wa timu ya wenyeji alinawa, yaani mpira ulimgusa mkono akiwa karibu na goli lake. Refa alipuliza filimbi, akanyoosha mkono kuonyesha penalti, akateleza, akakaa kwenye tope mbele ya watu wote. Mkono haukushuka. Alitoa penalti akiwa amekaa. Mtu mmoja alikuwa anapiga picha, na mtu mwingine, ambaye hakuwapo uwanjani, akaongeza muziki na kicheko.

Sasa kila mtu alipoitazama video ile, popote alipokuwa, kinyozi aliifanya upya.

Mama yake alimpokea nyumbani bila maneno mengi. Aliondoa stuli, akaleta kiti chenye mikono. Kwa mkwewe, mke wa kinyozi, alisema, "Tafuta mito, tuiweke na uani." Mpaka jioni kila chumba kilikuwa na mahali pa kukalia. Mtu akiwa amekaa tayari, kuanguka hakuna. Mkono unapanda, mluzi unalia, mkono unashuka, chakula kinaendelea. Walijifunza kumkalisha mbali na glasi.

Mkono ulielekea upande mmoja tu siku zote, kule liliko lile goli la uwanjani. Sebuleni ilikuwa ni kabati la vyombo, uani ilikuwa ni tangi la maji. Mwashi wa nyumba ya pili alikuja na kamba yake kupima, akakuta haukosei hata upana wa kidole. Alipokuwa akichimba msingi wa ukuta, alimwomba kinyozi akae pale kona kwa nusu saa, na ukuta ule ulinyooka kuliko kuta zote za mtaa.

Wiki ile ya kwanza walizijua pia saa za watu. Asubuhi mkono ulikuwa na shughuli, kwa sababu wafanyakazi walikuwa safarini kwenda kazini, simu mkononi. Kati ya saa nne na saa sita ulitulia. Saa saba, wakati wa chakula, kinyozi hakuweza hata kushika kikombe. Mkewe aliiokoa ile saa ya mchana kwa kumlisha mwenyewe kwa kijiko, na hakulalamika, ila alikuwa akisema, "Watu hawana kazi, jamani. Watu hawana kabisa kazi."

Mama hakuumizwa sana na kuanguka. Watoto wote aliowazaa alikuwa amewaona wakianguka. Alichokiogopa ni kingine. Kwa miaka kumi na minne watu walikuwa wakimfuata huyu kitindamimba wake awaamulie mambo yasiyohusu mpira: mpaka wa ua, kuku aliyeingia kwa jirani, mume na mke waliogombea godoro. Walimfuata kwa sababu akishaona kitu alisema amekiona, hata kama upande wa pili ni rafiki yake. Mama ndiye aliyempigia pasi nguo nyeusi za urefa kila Ijumaa, kwa kuwa, alidai, mkwe hajui kola. Mkwe aliijua kola vizuri sana, lakini alimwachia.

Kwa hiyo siku ile ya Jumatatu mama alimuuliza, "Kitinda, uliona nini?"

"Niliona beki amenawa, mama."

"Basi," mama akasema, na akalala vizuri.

Wiki ya pili alimuuliza tena. Kinyozi alikuwa amefunga duka. Wateja waliokuja kunyolewa walikuwa wachache, waliokuja kumrekodi walikuwa wengi, na hao wa pili walibonyeza simu zao makusudi wakiwa mlangoni. Mtaani walikuwa wanamwita Penalti.

"Uliona nini?"

"Nadhani aliunawa, mama."

Mama alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa siku hiyo hiyo, na mtandio kichwani, kama anayekwenda msibani. Mwenyekiti alikuwa mtu wa haki. Aliitisha mkutano wa watu wote Jumapili saa kumi alasiri, katika ukumbi wa shule, ili ipitishwe kwamba hakuna wa mtaa ule atakayeitazama tena video ile. Walikuja watu mia moja na sitini. Kinyozi aliketishwa mbele, kwenye kiti chake chenye mikono, lakini kwa heshima ya mkutano akasimama.

Mwenyekiti alipomaliza maelezo, mwalimu mmoja mstaafu aliinua kidole.

"Mheshimiwa, tunakatazwa kutazama nini? Wengine hatujaiona. Nitapigaje kura juu ya kitu nisichokijua?"

Ukumbi ukakubali kwamba mwalimu ana hoja. Mwenyekiti naye akaona ana hoja. Ililetwa mashine ya kurusha picha ukutani, mapazia yakafungwa, na video ikaonyeshwa. Mbele ya ukuta, kinyozi akapiga mluzi, akanyoosha mkono, akakaa chini.

"Sisi wa nyuma hatujaona!" sauti ikaita. "Wewe mwenye kofia, vua hiyo kofia, unatuziba!"

Ikarudishwa. Kisha kuna waliochelewa, ikarudishwa kwa ajili yao. Kisha mwalimu akaomba ipunguzwe kasi, na kinyozi akakaa chini polepole sana, kama mtu anayeshushwa kwa kamba. Kwa jumla iliangaliwa mara kumi na moja. Hakuna aliyecheka kwa sauti, maana mama yake alikuwapo, ameinamisha uso asiitazame. Ndipo kura zikapigwa, na mikono mia moja na sitini ikanyanyuka kuunga mkono kwamba isitazamwe. Kinyozi aliwashukuru. Suruali yake ilikuwa imechanika nyuma, na mkewe alitembea nyuma yake hadi nyumbani.

Wiki ile mkono haukupumzika. Kila mmoja wa wale mia moja na sitini alikuwa na ndugu aliyetaka kujua ni kitu gani hicho kilichokatazwa.

"Uliona nini, Kitinda?"

"Sijui, mama. Kulikuwa na mvua."

Mwezi uliofuata yule beki mwenyewe alibisha hodi. Alikuwa fundi baiskeli, kijana mrefu, mikono ina mafuta. Hakukubali kukaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Nimekuja kusema jambo. Ule mpira ulinigusa. Huu mkono huu. Nilibisha kwa sababu wenzangu walikuwa wanabisha." Alitoa simu. "Dada yangu alikuwa pembeni, nyuma yako refa. Anayo. Inaonekana wazi kabisa."

Walikaa wote watatu, mama, mkwe na kinyozi, wakaitazama ile video ya beki. Mpira ulikuja, mkono ukatoka, mpira ukagonga kiwiko, refa akasimama wima akinyoosha mkono. Kwa kuwa mpiga picha alikuwa nyuma ya refa na alishusha simu mapema, refa alionekana mgongo tu, na hakuwahi kuanguka. Kinyozi aliitazama bila kunyanyua hata kidole kimoja.

"Huyu refa ni nani?" akauliza.

Mkewe akamgeukia. "Ni wewe, mume wangu."

"Si mimi. Mimi sisimami hivyo."

Beki akakuna kichwa. Alisema refa ni yeye kinyozi, kwamba yeye beki alikuwapo, walikuwa na hatua kumi kati yao. Kinyozi alimsikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mgeni aliyekosea nyumba.

Beki aliiweka video yake mtandaoni siku hiyo hiyo na maelezo ya ukweli chini yake. Iliangaliwa na watu thelathini na wanne. Mmoja aliandika, "Mbona haijaisha? Sehemu ya kukaa iko wapi?" Mwingine akaichukua, akaiunganisha na ile ya zamani, mwishoni akatia kicheko, na hiyo iliyounganishwa ilikwenda mbali hadi nchi ambako kunapambazuka wakati huku kwetu jua linazama. Ndipo kinyozi akaanza kufanya kazi pia saa ambazo zamani alipumzika.

Siku moja, mtandao wenye ile video ukiwa umezimika kila mahali, mkono ulikaa kimya tangu asubuhi. Mkewe alidhani atafurahi. Alimkuta anatembea kutoka sebuleni hadi uani na kurudi, anaushika mkono kwa mkono mwingine.

"Leo hawajaangalia," kinyozi akasema. "Kuna tatizo gani?"

Jioni mtandao uliporudi, mkono ukapanda, na uso wake ukatulia kama wa mtu aliyepokea salamu kutoka nyumbani. Akakaa vizuri kitini.

Mama aliona hayo yote. Alimuuliza tena, akiwa anamfunga vifungo vya shati.

"Uliona nini siku ile?"

"Niliona nimeanguka," kinyozi akasema.

Mama akamaliza vifungo.

Msimu mpya ulipoanza, marefa vijana wa mitaa yote walikuwa wakikaa chini kila walipotoa penalti. Walipuliza, wakanyoosha mkono, wakakaa. Watazamaji walishangilia. Refa mmoja aliyetoa penalti akiwa amesimama alizomewa mpaka akakaa, na baada ya hapo jambo likawa kama sheria, ingawa hakuna aliyekumbuka kuiandika. Watoto wadogo uwanjani waligombana nani awe wa kukaa. Hakuna aliyegombea kuwa wa kuona.

Duka lilichukuliwa na kinyozi mwingine. Yule wa zamani alipewa kazi ya kufua na kukunja taulo, maana inafanyika mtu akiwa amekaa. Alikunja vizuri, pembe kwa pembe.

Alasiri moja alikuwa uani na rundo lake la taulo. Mama alikuwa chumbani, kitandani karibu na dirisha, na mkwe alikuwa akichambua mchele sakafuni.

"Nionyeshe," mama akasema.

"Nini, mama?"

"Hiyo video. Nyote mmeiona. Hata mwenyekiti. Mimi bado."

Mkwe akaacha ungo. "Ulisema hutaiangalia maishani mwako."

"Nilisema. Ile ya beki inaonyesha mgongo. Mimi nataka uso."

"Ukiangalia atainua mkono."

"Najua atauinua. Yuko kitini, si yuko kitini? Lete."

Mkwe alitafuta, akamkabidhi simu. Mama hakuwahi kushika simu ya namna ile. Aliishika kama sahani, kwa mikono miwili, vidole gumba juu ya kioo. Picha ilianza. Alimwona mwanawe akikimbia kwenye tope, magoti juu, kola imesimama sawasawa, macho hayaachi mpira. Kisha kidole gumba chake kikakandamiza kioo, na picha ikasimama hapo hapo, sekunde ya sita, kabla filimbi haijafika mdomoni.

Mama akatazama uso ule kwenye simu. Halafu akatazama dirishani.

Uani, kinyozi alikuwa ameacha kiti, amesimama. Taulo zilikuwa zimeanguka miguuni pake. Mgongo umenyooka, kidevu juu, macho yametulia mahali fulani mbele yake, na uso wake ulikuwa ule ule. Hakutikisika. Inzi alitua shavuni pake akaruka.

"Mama, usiinue kidole," mkwe akanong'ona.

"Siinui." Mama akasogea dirishani. "Kitinda! Uliona nini?"

"Beki amenawa," kinyozi akasema, kwa sauti yake ya zamani. "Mkono wa kulia. Ni penalti."

"Una hakika?"

"Mama, nimeona."

Mama alikaa pale dirishani akimtazama, kidole kikiwa juu ya kioo mpaka kucha ikawa nyeupe. Mkwe aliinuka, akasimama nyuma yake, naye akatazama. Muda ulipita. Kivuli cha kamba ya nguo kilikuwa kimefika ukutani, na magoti ya kinyozi yalikuwa yameanza kutetemeka, ingawa uso haukutetemeka.

"Mama," mkwe akasema taratibu, "atachoka."

"Naona."

"Na chaji ya simu inaisha."

"Naona, mwanangu. Mwambie mtu amsogezee kiti."

"Kiti kiko nyuma yake."

Mama akakitazama kiti kama kipo kweli, na kama kimekaa sawa. Akautazama uso mara moja zaidi. Kisha akainua kidole.