Ukungu Kwenye Glasi

Mnunuzi wa vinywaji wa hoteli aliiinua glasi kwenye mwanga wa dirisha, akanusa. Wifi yangu akanikanyaga mguu chini ya meza.

Mtambo wa shaba wa kukenekea pombe ni wa wifi. Lakini jin hii, chupa arobaini tu, ilikuwa yangu. Kwa mara ya kwanza aliniachia kila kitu, kuanzia kupima punje za mreteni, kiungo kikuu cha jin, mpaka kuamua tone lipi liingie chupani na lipi limwagwe. "Ikikataliwa," aliniambia asubuhi ile, "unarudi kubandika lebo, na tusinuniane."

Mwanangu wa miezi mitano alikuwa amelala kwenye kikapu pembeni, mdomo wazi.

"Maganda ya chungwa," mnunuzi akasema. "Halafu iliki, kwa mbali. Nani kaikeneka?"

"Huyu," wifi akajibu, upesi mno.

"Hongera, dada. Na mdomoni unaionaje?"

Nikamnyooshea viganja. "Nanyonyesha. Naipaka viganjani, nasugua, inakauka, nanusa."

"Mpishi asiyeonja!" Akacheka, akatumbukiza barafu tatu na maji kidogo.

Jin ikabadilika palepale. Kwenye barafu ukaanza ukungu mweupe, ukashuka taratibu, mpaka glasi nzima ikawa kama maji yaliyooshewa mchele.

"Na hii ni nini tena?" Sasa hakuwa anacheka.

"Glasi haikusuuzwa vizuri," wifi akadakia. "Ngoja nikubadilishie."

Glasi alizisuuza mwenyewe, mara mbili. Alikuwa ananikinga, na ningeweza kunyamaza nikakingwa.

"Glasi ni safi," nikasema. "Nilizidisha maganda. Mafuta yake yamejificha humo, yakikutana na maji yanajitokeza. Hayamdhuru mtu. Ila nilipaswa kuijaribu na maji, nikasahau, kwa sababu mimi siinywi."

Wifi akafumba macho.

Mnunuzi akanywa. Akaizungusha mdomoni muda mrefu. Mtoto aliguna usingizini, na hata kugeuka kumtazama nilishindwa.

"Siwezi kuiweka kaunta," akasema hatimaye. "Wateja watadhani nimewapa maji ya dobi." Akanywa tena. "Lakini ladha hii sijaipata kwingine. Huwezi kuisafisha?"

"Nikiichuja itang'aa, ila harufu nayo itaondoka. Hizi siwezi kukuuzia. Mkupuo ujao nitapunguza maganda kwa theluthi, na nitaujaribu na barafu kabla hujauona. Nipe siku kumi."

Akamgeukia wifi, kama anayetafuta neno la mwenye mali.

"Mimi unaniangalia nini?" wifi akamwambia. "Mwenye jin yake ndiye huyo anayesema na wewe."

"Kumi, basi. Ya kumi na moja siji." Mnunuzi akanisogezea glasi. "Sasa nimiminie nyingine, dada. Bila barafu."