Nahodha Aliyemwogopa Shangazi Yangu

Nyangumi alitupiga mara mbili. Mara ya kwanza tulidhani ni bahati mbaya. Ya pili, mpishi wetu Eliakim akachungulia majini, akasema, "Huyu ana jambo lake na sisi." Kabla chai haijapoa meli ilikuwa imelala ubavu, na sisi tumerukia mashua.

Wenzetu wa mashua nyingine waliokolewa na meli iliyopita. Mashua yetu ikapotelea kwenye ukungu. Tulikuwa watatu: Nahodha Shubael Swain wa Nantucket, kisiwa cha wavua nyangumi huko Amerika, Eliakim, na mimi Maurangi, mpiga chusa wa kuvulia nyangumi, mzaliwa wa kisiwa cha Aitutaki, Pasifiki. Tulikuwa na pipa dogo la maji, biskuti zilizolowa chumvi, na kofia ya nahodha ya kuendea ibada. Aliirudia kofia, akaiacha dira.

"Upepo unavuma kuelekea kwetu," nikamwambia. "Tutweke tanga tu."

"Kwenu? Kwenu wanakula watu!"

"Nahodha, kule yuko shangazi yangu Tepaeru. Anakula magimbi na samaki."

"Ni mnene?"

"Sana."

"Unaona sasa!"

Akaamuru tupige makasia kuelekea Amerika, dhidi ya upepo. Tukapiga mpaka viganja vikachubuka. Biskuti zikaisha. Eliakim akaanza kutafuna mkanda wake huku akimkazia macho nahodha.

"Unaniangalia nini?"

"Nawaza tu, mzee."

"Unawaza nini?"

"Vitunguu."

Nahodha akasogea upande wangu. Kisha akaniuliza kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, "Maurangi, mwanangu, huyo shangazi yako anakaa upande gani?"

Tukatweka tanga. Tulifika Aitutaki tumekauka kama ng'onda. Ufuko ulijaa watu, lakini tulipokaribia wakarudi nyuma, akina mama wakiwavuta watoto wao. Akabaki shangazi Tepaeru peke yake, gongo mkononi.

"Maurangi, ni wewe? Simama hapo hapo! Mlianza safari wangapi?"

"Mashua hii, watatu, shangazi."

"Mbona naona wawili? Tumesikia habari zenu, nyie wa nyangumi. Chakula kikiisha mnalana!"

Kabla sijajibu, Eliakim akafurukuta chini ya tanga lililoshushwa alikokuwa amelala, akaibuka nywele timtim, akanguruma, "Kuna chochote cha kula hapa?"

Ufuko mzima ukatimua mbio. Shangazi naye, kwa mwili ule, aliwapita vijana wengi.

Nilibembeleza hadi nikakaukiwa sauti. Mwishowe wakaleta magimbi, wakayaweka mbali, wakatusukumia kwa mti mrefu. Nahodha alikula kwa aibu, halafu bila aibu, halafu akalia.

Meli ilipopita baada ya miezi, aliondoka akimwita shangazi "dada yangu". Eliakim alikataa kupanda. Alioa pale pale, akalima, na hadi leo havui hata kwa ndoano. Samaki akimtaka, anasema, atamfuata shambani.