Mikunjo ya Hando

Mama alipokuja kukaa kwangu baada ya Pasaka, aliingia sebuleni, akasimama katikati ya zulia na fimbo yake, akageuza kichwa polepole pande zote nne. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, ila rangi na mwanga alikuwa bado anaviona. Nikangoja asifu. Mimi ni fundi wa mapazia, nusu ya madirisha ya Kizingo yamevaa kazi yangu, na kwangu mwenyewe nilikuwa nimejipinda kuliko kwa mteja yeyote. Mama akauliza jikoni ni wapi. Nikamwonyesha. Akaenda akaketi kwenye kigoda kati ya mabeseni na debe la mchele, akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa safari njema.

Tangu siku hiyo alisali jikoni. Asubuhi jikoni, jioni jikoni, amegeukia ukuta wenye masizi.

Na sebule yangu si ya kukimbiwa. Naishi Mji wa Kale, ghorofa ya kwanza ya nyumba ya Bi Raihana, nyumba ya zamani yenye kuta nene za chokaa na vidaka vitatu ukutani, vile vishubaka ambamo wenyewe walipanga sahani zao za kigeni. Mimi nimepanga sahani mbili za buluu, chupa ya kijani na bakuli la asumini ambalo nalibadilisha kila siku. Viti vyangu ni vyeupe. Dirishani nimetundika pazia la bafta nyeupe, kutoka juu mpaka sakafuni, mikunjo yake myembamba, mia na kitu, kila mmoja umekunjwa kwa mkono. Biblia yangu iko juu ya marufaa, kile kibao cha kukunja cha kuwekea msahafu, ambacho Bi Raihana alinipa siku aliyoikuta Biblia mkekani. Alinambia kitabu cha Mungu hakilazwi chini, kiwe cha kwake au changu. Mama alipoipapasa ile marufaa alinyamaza, na kunyamaza kwa mama yangu ni hotuba nzima.

Nilivumilia wiki mbili. Wiki ya tatu nikamuuliza, na sikumuuliza kwa adabu, kwani sebule imemkosea nini. Akanijibu bila kupandisha sauti.

"Nyumba hii yajitazama yenyewe, Zilpah. Nikifumba macho humu, naiona nyumba. Simuoni Bwana."

Nilikasirika, na sisemi nilikasirika kidogo. Nilitaka kumuuliza kama Bwana aliyevipa viwavi vya mchongoma rangi zile anaogopa pazia. Sikuuliza, kwa sababu mama yangu ni Nyevu wa Kaloleni, na Nyevu wa Kaloleni tangu ujana wake ni mlokole wa kale, wa wale walioacha hereni, shanga na wanja siku moja wasitazame nyuma. Sisi watoto tulivaa nguo za rangi ya vumbi. Nyumba yetu haikuwa na picha wala kalenda. Mimi niliyezaliwa na jicho linalowashwa na rangi, nilikuwa naokota vigae vya vikombe vilivyovunjika, nikivificha chini ya godoro kama mwizi.

Na tulikua tukiusikia ushuhuda wake. Kila mtu Kaloleni alikuwa anaujua. Siku aliyookoka alikuwa msichana wa miaka kumi na saba. Bibi, mamake, ambaye hakuwa ameingia dini, alikuwa amemkunjia hando, ile sketi ya Kigiriama ya kitambaa cheupe yenye mikunjo mingi inayomfanya mwanamke atembee kwa madaha. Mama akalichukua lile hando, akalitupa motoni uani, mbele ya walokole wenzake waliokuwa wakiimba. Bibi akalia kwa hasira ya yule Mwovu. Moto ukala, na Nyevu akawa huru. Aliusimulia hivyo mara mia, kwa maneno yale yale, na watu waliitikia haleluya mahali pale pale.

Mwezi wa Mei daktari akaniita pembeni akanambia moyo wa mama umechoka, asipande ngazi bila sababu, asibaki peke yake. Jioni hiyo hiyo mama akanambia anataka kurudi Kaloleni. Kule nyumba imebaki kuta. Ndugu zangu wametangulia mbele za haki, mume wangu Chonga vilevile, sina wa kumtuma akae naye, na jirani wa karibu ni mwendo. Nikamweleza yote hayo. Akasema anayajua, ila hawezi kufia mahali asipoweza kusali. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilimwona amelala kwenye chumba kisicho na paa, peke yake, kwa sababu ya sahani zangu mbili na pazia.

Nikamsihi angojee hata mwisho wa mwezi. Akafikiri, kisha akatoa sharti: ushirika wa kanisa uje usalie hapa nyumbani, atoe ushuhuda wake mara ya mwisho, halafu nimrudishe.

Sasa hapo pana aibu yangu, na lazima niiseme. Ushirika wetu husalia nyumba kwa nyumba, kila Jumapili baada ya ibada, kwa zamu. Kwangu haukuwa umefika kwa miaka miwili. Mara ya mwisho, Everlyne, karani wa bandarini Kilindini na kiongozi wetu, alimwaga chai ya maziwa kwenye kiti changu cheupe. Watu walikuwa wameinamisha vichwa wanaomba. Mimi nikaenda kuchukua kitambaa na maji, nikasugua kile kiti katikati ya maombi, na nikasema, si kwa kunong'ona, kwamba wengine wamezoea mabenchi. Wakamaliza maombi, wakaondoka. Ila tangu siku ile zamu yangu ikifika hurukwa kimya kimya, na mimi nikajifanya sijagundua. Nikabaki na sebule safi ambayo hakuna anayeikalia.

Kumpigia Everlyne simu kulinichukua siku tatu. Alikubali upesi kuliko nilivyostahili, akauliza tu kama mama anatumia sukari.

Jumamosi yake nikaamua kuivua nyumba. Kama mama hawezi kusali kwenye uzuri, basi uondoke, na mimi nitazoea. Nikafunga sahani kwa magazeti. Nikaondoa chupa, nikamwaga asumini. Viti vyeupe nikavifunika shuka kuukuu. Nilikuwa nafanya huku nalia, na machozi yenyewe yalikuwa ya hasira zaidi kuliko toba. Mwisho nikapanda meza, nikalishusha pazia, nikalilaza mkekani nipate kulikunja.

Mama alikuwa ametoka jikoni, amekuja kuketi mkekani kunipa kampani, kama alivyosema mwenyewe. Mkono wake ulipokuwa ukitafuta mahali pa kuegemea uliangukia kichwa cha pazia, pale mikunjo inapoanzia. Akataka kuuondoa, kisha hakuuondoa. Vidole vikaanza kutembea. Mkunjo mmoja, wa pili, wa tatu, polepole, mpaka akafika mwisho wa upana wote, akarudi tena mwanzo.

"Nani alikufunza?" akauliza.

Nikamwambia hakuna. Nilijifunza cherehani kwa fundi mmoja Majengo, lakini mikunjo hiyo ni mazoea ya mkono wangu tu, napima kwa kifundo cha kidole.

"Na kabla ya kutia sindano?"

Nikaona haya kidogo, maana ni tabia ambayo wateja hawapendi kuiona. Nikamwambia nauma. Kila mkunjo nauma kwa meno ushike.

Mama akalaza kiganja juu ya pazia, akakaa hivyo muda mrefu. Nikadhani amepatwa na moyo, nikamsogelea. Akanambia hana kitu. Kisha akanambia nilipokuwa na miaka minne nilikuwa nakaa miguuni kwa bibi mchana kutwa, bibi akikunja vitambaa vya watu na kuviuma, nami namtolea nyuzi. Mimi bibi simkumbuki hata uso. Mikono yangu, kumbe, ilikuwa inamkumbuka.

"Litundike," mama akasema. "Litundike lilivyokuwa."

Nikamuuliza na vingine. Akasema vingine ni juu yangu na Mungu wangu. Nikalitundika pazia. Sahani nikaziacha kwenye magazeti, na mashuka nikayaondoa kwenye viti, kwa sababu yalikuwa yanatia huzuni.

Jumapili wakaja watu kumi na mmoja. Wakasimama mlangoni wakitazama viti, na nilijua wanatazama nini. Nikawaambia wakae. Everlyne akaelekea mkekani. Nikamshika mkono nikamkalisha kwenye kiti kile kile, nikamwambia nisamehe, kwa sauti ndogo ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Yeye aliisikia.

Tukaimba, tukasoma, kisha mama akasaidiwa kusimama. Akaanza ushuhuda wake kama kawaida. Miaka kumi na saba, uani Kaloleni, walokole wanaimba, hando mkononi. Mimi midomo yangu ilikuwa inatembea pamoja na yake. Akafika motoni. Mtu mmoja akasema haleluya. Mama akainua mkono kumnyamazisha.

"Nimewadanganya watu miaka sitini na mitatu," akasema. "Mamangu hakulia. Hakuwa na hasira. Alingoja moto uzime, akanambia: Nyevu, nilikukunjia upendeze. Sikukukunjia uliabudu. Hayo tu. Kisha akainama, akachakura majivu kutafuta uzi wa kiunoni aliokuwa ameutia shanga, na shanga zilikuwa zimepasuka. Mimi nikaendelea kuimba."

Nje, muuza kahawa alikuwa anapita kichochoroni akigonganisha vikombe vyake, na hata sauti ile ilionekana kubwa.

"Yesu hakunambia nilichome," mama akaendelea. "Aliniambia nimfuate. Ningeweza kulikunja nikamrudishia kwa heshima, nikasema mama, mimi nimekwenda huku. Lakini nilitaka watu waone nilivyookoka. Ule moto ndio uliokuwa urembo wangu. Nimeuvaa maisha yangu yote, na huyu binti yangu nimemuunguza nao. Niombeeni."

Akakaa. Walimwombea, na mimi sikuomba, nilikuwa nalia bila hata kujificha uso. Nilimlilia bibi aliyeinama majivuni. Nilimlilia yule mtoto wa kuficha vigae chini ya godoro. Na niseme ukweli, nilijililia pia mwenyewe na kile kitambaa changu cha kusugulia kiti, kwa sababu nilitambua kwamba mimi na mama tulikuwa tumeumwa na nyoka mmoja, yeye kwa kuchoma na mimi kwa kupamba.

Wakati wa chai nilimjazia Everlyne kikombe mpaka ukingoni. Alikishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai, mpaka nikamwambia kikimwagika kimwagike. Akacheka, na watu wakapata ruhusa ya kucheka.

Kaloleni haikutajwa tena. Kesho yake asubuhi nilikuta kigoda cha jikoni kitupu. Mama alikuwa sebuleni chini ya dirisha, ameshika upindo wa pazia kama mtu anavyoshika mkono wa mwenzake katika maombi. Mchana alinifunza. Nilikuwa nakunja kuanzia kulia, akanambia bibi alianzia kushoto, ndiyo maana hando lake halikufumuka mtu akicheza. Alikuwa mkali, akinifumulia kazi mara mbili mbili. Sahani nilirudisha moja tu kwenye kidaka. Ya pili nilimpa Everlyne, naye aliichukua bila kujidai anakataa.

Mama alifariki mwezi wa Agosti, asubuhi, mkono wangu uko chini ya kichwa chake. Alikuwa ameshasali.

Jeneza lilichongwa Majengo. Nilipokwenda kulitazama, seremala alikuwa ameshalipamba ndani kwa nailoni ya kung'aa iliyobanwa kwa pini, na akajisifia kwamba hiyo ndiyo inayopendwa siku hizi. Nikamwomba aitoe yote. Kisha nikarudi nyumbani, nikapanda meza, nikalishusha pazia la sebuleni. Bi Raihana alikuwa amepanda na sinia ya chakula cha wafiwa, akanikuta juu ya meza. Alishika tu ncha ya kitambaa isiburure chini, akasema, "Bafta ni nguo ya heri, mwanangu. Hata sisi ndiyo sanda yetu."

Nikafumua mikunjo yote, nikakata kitambaa kwa kipimo cha jeneza, nikaanza upya, kutoka kushoto, kwa kifundo cha kidole, nikiuma kila mmoja. Dirisha lilikuwa wazi, jua likiingia lote. Everlyne alikuja kutoka kazini na sare yake, akaketi mkekani kando yangu akanitazama kwa muda. Mwisho hakuweza kujizuia. Akaniuliza kwa upole kwa nini najitesa hivyo, wakati jeneza litafungwa na kufukiwa, na hakuna mtu atakayeiona kazi hiyo.

Nikamwambia anishikie ile ncha nyingine, na asiilegeze.